Kalamu Nyembamba ya Katekista Benedikto

Haya niliyaona mimi. Sikuhadithiwa, sikuota, wala sikuwa nimekunywa. Ukikutana na mtu sokoni Morogoro akakusimulia kisa cha kalamu ya Matombo, mwulize yeye alikuwa wapi jioni ile. Atababaika. Alinisikia mimi, akaenda kujigamba nacho. Mwenye macho yaliyoona ni huyu hapa, Mikidadi wa Mafiga, fundi kalamu. Na kama yuko fundi wa kalamu za wino kati ya Dar es Salaam na Dodoma aliyenizidi, basi bado hajazaliwa, na mama yake naye bado hajatoka unyagoni.

Shule niliishia darasa la sita. La saba nililiona dirishani. Lakini kalamu nazijua kuliko waliozisomea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni zimerudi madukani, mitumba imejaa kila kona, na bolpeni za plastiki zinamwagwa chini kwenye turubai kama karanga. Kalamu za wino watu waliziona takataka za mkoloni. Makarani waliopunguzwa kazini walizichomoa mifukoni wakawapa watoto wachimbie udongo. Mimi nikazifuata. Alikuwapo mtu mmoja, Mwalimu Jackson, mhadhiri wa chuo, mwenye miwani mizito, aliyekuwa akizikusanya. Si zote. Alitaka nyembamba tu, zile za zamani, zinazokaa kwenye mfuko wa shati bila kuuvimbisha. Nene alizidharau. Alisema nene ni za kujionyesha, nyembamba ni za mtu aliyekuwa na jambo la kuandika.

Kuitambua nyembamba ya kweli si kazi ya kila mtu. Kwanza unaifunika. Ya kweli inasema tik, mara moja, basi. Ya kuiga inacheza kwenye kifuniko kama jino bovu. Halafu unailaza juu ya kidole kimoja uone kama inatulia. Halafu, na hii ndiyo siri yangu iliyonilisha, unailamba nibu, ile ncha ya kuandikia. Chuma kina ladha ya damu. Shaba inachachuka. Dhahabu haina ladha hata kidogo. Mwalimu Jackson ana kioo chake cha kukuzia, ataangalia weee mpaka jasho limtoke, mwisho ananigeukia: "Mikidadi, umelamba?" Nikisema nimelamba, kioo kinarudi mfukoni.

Basi, mwezi wa tano, akaja mezani kwangu mwanamume mmoja wa makamo ya miaka thelathini, Deogratias, mtu wa Matombo. Baba yake amefariki, ameacha kalamu. Akanionyesha unene wake kwa ukucha. Moyo ukaruka. Hakutaka chochote ila redio ya kaseti, mpya, ya betri. Nikamwambia subiri, nitakuletea kwako.

Nikapanda na Stambuli. Huyo alikuwa na Land Rover ya kuteremshia ndizi mjini, mtu wa maneno kama mimi ila wa daraja la chini. Njia nzima tulibishana. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulipofika Matombo ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani, taratibu, kama mtu anayekuja na shuka.

"Napakia ndizi pale misheni," Stambuli akasema. "Nusu saa. Ukichelewa nakuacha na domo lako."

"Niache uone. Bila domo langu utasinzia, gari iingie mtoni."

Nikashika njia ya migombani, redio kwapani.

Deogratias alikuwa amesimama kati ya migomba. Nisingemwona kama asingekohoa.

"Umekuja nayo?" Alinong'ona.

"Nimekuja nayo. Kwani tunaiba?"

"Sema polepole."

"Si mali ya baba yako?"

Akacheka. Kicheko kibaya, cha puani.

"Kwetu baba hana mtoto, kaka. Nimemuuguza miaka miwili. Nimemlisha uji kwa kijiko, nimemfulia. Leo vitu vyake vyote vinakwenda kwa Dominiko, mtoto wa dada yake, ambaye hata kumtembelea hakumtembelea. Na jina la mzee anapewa yeye. Kesho asubuhi, matanga yakiisha. Mimi napewa pole."

Habari hiyo niliijua. Nani Morogoro asiyeijua? Kwa Waluguru vitu hufuata tumbo la mama. Mpwa ndiye anayerithi jina la mjomba na vitu vyake, na mtoto wa kumzaa anabaki anatazama. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba nanunua kwa asiye mwenye mali. Nikampa redio. Kalamu nyembamba ina mwenyewe bwana? Mwenyewe ni aliyeishika.

Akafungua kitambaa. Ilikuwa nyeusi, na pete moja ya dhahabu, nyembamba kama uzi, shingoni. Imetapakaa unga mweupe.

"Unga wa nini?"

"Ilikuwa kapuni. Angalia upesi."

Nikaifuta. Nikaifunika. Tik. Nikailaza kidoleni, ikatulia kama paka. Nikaifungua tumboni. Kile kibofu cha mpira cha kuwekea wino kilikuwa kimekauka, kimebaki makombo. Mzee alikuwa akichovya tu. Hapakuwa na wino hata tone, nakuapia, na kushuhudia hilo nina haki maana kidole changu kilitoka kikavu.

Ikabaki siri yangu.

Nikalamba.

Haikuwa chuma. Haikuwa shaba. Haikuwa dhahabu...

Ilikuwa vuguvugu.

Ilikuwa laini, na ilikuwa na mate. Kama kulamba ulimi wa mtu mwingine. Kukaja harufu ya karafuu, ile wanayotafuna wagonjwa wa koo, na nyuma ya karafuu harufu ya koo lenyewe.

Nikataka kutema. Badala yake kinywa changu kikafunguka.

"Nifunikeni," kikasema.

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya kukwaruza, ya mzee.

"Nifunikeni. Baridi."

Deogratias alirudi nyuma mpaka akagonga mgomba. "Baba?" Akasema, taratibu, kama mtoto. Kisha akageuka akakimbia. Redio yangu hakuiacha, mwizi yule.

Nikabana kifuniko haraka. Tik. Ile sauti ikakatika. Nikavuta pumzi nimwage matusi yote niliyoyajua tangu jando. Nina matusi mengi.

Hayakutoka.

Nikajaribu tena. Nikajaribu jina langu. Nikajaribu hata kukohoa... Koo lilikuwa kimya kama chungu kilichofunikwa. Na ulimi haukuwa na ganzi, la. Ulikuwa unacheza vizuri tu. Ila ulikuwa umelala kinywani mwangu kama mgeni anavyolala kwenye kitanda chako, bila kukuuliza.

Nilikimbia kurudi misheni. Stambuli alikuwa ameketi kwenye usukani, mikungu ya ndizi nyuma, injini inanguruma.

"Ehee! Umepata?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha koo.

"Nini? Umepaliwa?" Akanitazama, akaangua kicheko, akapiga usukani kwa kiganja. "Mungu mkubwa! Mikidadi amenyamaza! Siku zote nilikuwa naomba, sikujua dua inapokelewa Matombo!"

Nikamwonyesha kwa mikono aondoe gari. Akajifanya haelewi. Nikaokota pakiti yake ya sigara, nikachomoa kalamu kumwandikia, maana ndiyo vidole vilivyoigusa kwanza mfukoni, na kwa hasira nilisahau kwamba ni kavu. Nilitaka kuandika: nipeleke Mafiga.

Ikaandika.

Wino wa bluu iliyoiva, mwingi, unang'aa. Mwandiko umelala upande, mzuri, wenye mikia mirefu. Mimi mwandiko wangu ni wa kuku.

*Nipeleke nyumbani.*

"Kwani sikupeleki?" Stambuli akasema. "Nyumbani kwako kwa..."

Mkono ukarudi kwenye pakiti. Sikuurudisha mimi.

*Kwa dada Yuliana.*

Stambuli aliisoma mara mbili. Kicheko kikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ungo. Akazima injini.

"Umeitoa wapi hiyo kalamu?"

Nikanyoosha kidole migombani.

"Huu ni mwandiko wa Katekista Benedikto. Cheti changu cha ubatizo kina mwandiko huu. Barua ya kumposea mke wangu aliandika yeye." Alikuwa ananong'ona sasa. "Koo lilimfunga miaka miwili, Mikidadi. Hakutoa neno mpaka anakufa. Alikuwa anasema kwa kalamu hiyo. Hata kumwomba mtu maji, alikuwa anaandika... Shuka."

Nikashika mlango.

"Shuka kwenye gari yangu! Unataka nipite kona za Mkuyuni na marehemu kiti cha mbele? Shuka, shetani wewe!"

Alinisukuma kwa mguu. Miaka tisa tumekula sahani moja, alinisukuma kwa mguu. Taa nyekundu zikaingia kwenye ukungu, moja, halafu ya pili, na nikabaki peke yangu barabarani. Mjini ni mwendo wa siku nzima kwa miguu. Na mtu aliye bubu mlimani, jioni, kwenye kijiji chenye msiba, akiulizwa wewe nani atajibu nini?

Miguu ikaanza kwenda. Njia sikuijua. Yenyewe iliijua, mpaka kila jiwe. Iliteremka kijito, ikakwepa tawi ambalo mimi sikuliona, ikapandisha kwenye nyumba ya bati yenye moto uani.

Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kama ishirini hivi. Nikasimama pembeni ya mwanga. Hapo ndipo nilipojua maana ya hodi, ndugu yangu. Hodi ni neno dogo, unalitupa tu mlangoni kila siku. Lakini kaa ulikose.

"Nani pale?" Mzee mmoja akauliza.

Nikasogea kwenye mwanga.

"Wewe! Mbona hupigi hodi?"

Nikainua mikono. Nikainama, nikashika goti, nikawaonyesha adabu. Wazee wamekaa mbele yangu na mimi sina shikamoo ya kuwapa.

"Haamkii," mwanamke akasema.

"Mchawi hapigi hodi," akajibu mwingine. "Amekuja kumalizia. Alimfunga mzee koo, sasa anamtaka Dominiko."

Wanaume walisimama. Mmoja alikuwa na mundu wa kukatia migomba, nao ulikuwa bado na utomvu. Walinizunguka polepole, bila kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Watu wanaopiga kelele huwa wanatisha tu. Hawa walikuwa wamekwisha kukubaliana.

"Mwacheni."

Alikuwa bibi kizee, mfupi, kanga nyeusi kichwani. Bibi Yuliana, dada mkubwa wa marehemu. Alikuja mpaka akanifikia kifuani.

"Fungua kinywa."

Nikafungua. Akachukua kijinga cha moto, akakisogeza karibu mpaka ndevu zikanuka. Watu waliokuwa nyuma yake wakavuta pumzi kwa pamoja. Baadaye niliambiwa kwamba ulimi wangu ulikuwa wa bluu mpaka mzizini.

"Umeilamba," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mjini wanawalisha nini nyie, mpaka mlambe vya maiti?" Akanitemea mate miguuni. "Nani amekupa? Usijibu, namjua. Yule atajuana na mzimu wa baba yake. Sikiliza, mlamba vya watu. Ile si kalamu. Ndugu yangu alimalizia maneno yake humo. Tuliifunika ikae kwenye unga mpaka asubuhi, mpwa wake apokee jina, na pamoja na jina apokee neno. Sasa neno limekuingia wewe. Asubuhi jina litapata mtu. Neno likikuta kalamu haimo kwenye unga, halina pa kurudi, litabaki lilipo. Na la kwako halitapata nafasi. Vinywa havina vyumba viwili."

Mwenye mundu akasema, "Bibi, tumkate huo ulimi tuuzike."

"Kaa chini, Abasi. Utakata wa nani?"

Akanishika mkono akaniingiza ndani. Chumba cha marehemu. Giza, harufu ya karafuu, na kapu la unga juu ya kigoda. Yeye akabaki mlangoni, amenipa mgongo, maana kwa mila yao anayekutwa na cha marehemu ndiye anayekifukia, na ndugu hatakiwi kutazama.

"Izamishe kwa mkono wako," akasema. "Iliyofunikwa. Usiifungue. Ukiifungua humo ndani sitakuja kukutoa."

Nikaizamisha. Unga ulikuwa wa baridi. Nikausawazisha juu kwa kiganja. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka chumbani, na niliposimama nikasikia kitu kooni kinaachia, kama fundo la kamba.

Nikatoka mlangoni nimshukuru. Kwa baridi ile na hofu, ulimi uliteleza.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Bibi Yuliana hakuitikia.

Alinitazama kinywani. Kisha akanionyesha njia kwa kidole, na wale wanaume wakanipisha kana kwamba nina ukoma. Nililala kwenye baraza ya misheni na alfajiri nikapata lori la machungwa.

Yaliyobaki nilisimuliwa na Stambuli, baada ya mwezi mzima wa kukwepana. Anasema kulipokucha Dominiko alikalishwa kwenye kigoda, akapewa jina la mjomba wake, watu wakapiga vigelegele. Akapewa kalamu, akaishika, akafungua kinywa kuusalimu ukoo.

Akabaki amekifungua.

Mpaka leo. Walimpeleka hospitali, madaktari wakachungulia koo wakasema ni zima. Ni mtu wa kazi zake, analima kabichi zake, anacheka. Neno hana. Deogratias yeye alihama Matombo na ile redio, sijui aliko.

Nilipomweleza Mwalimu Jackson alicheka. Alisema nibu za zamani huota kutu ya kijani yenye sumu, ukiilamba koo linavimba, sauti inakwaruza au inapotea kabisa, halafu inarudi. Mwandiko je? Akasema hofu humfanya mtu aandike asivyoandika. Dominiko je? Hapo akavua miwani, akaanza kuifuta, akaifuta sana.

Mimi nilirudi kwenye meza yangu sokoni. Ninasema, kama unavyonisikia. Ninasema kuliko zamani. Mke wangu, Mwanaheri, anadai sauti imekuwa nzito, eti inakwaruza. Ni baridi ya mlimani ile. Anadai pia kwamba nikisinzia ninasali sala za Kikristo, na mimi ni mtu wa msikitini tangu nizaliwe. Mwanamke huyo hapendi nipumzike, basi.

Ila Bibi Yuliana huja. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa tano, anateremka na magari ya ndizi, anakuja kukaa kwenye ndoo mbele ya meza yangu. Hanunui. Hasalimii. Anafumba macho.

Mara ya kwanza nilimuuliza, "Bibi, nikusaidie nini?"

"Sikuja kwako," akasema, macho yamefumbwa. "Wewe sitaki hata kukuona. Sema tu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nadi kalamu zako. Endelea."

Nikanadi. Wateja wakapita, nikatania, nikabishana bei, na yule kizee amekaa pale na machozi yanamteremka mpaka kidevuni, anaitikia kwa kichwa kila nikimaliza neno. Jioni akajifuta kwa kanga, akainuka, akanitazama kwa chuki ambayo sijaiona kwa binadamu mwingine. Nikamwambia, Bibi, kama kuna kitu cha kurudisha, sema, tukirudishe. Akasema wakati umeshapita. Jina lina mtu. Akaenda zake.

Kwa hiyo nimekuambia yote, na yote ni kweli tupu, isipokuwa jambo moja dogo ambalo nililitia mwenyewe ili kisa kikae vizuri. Ni pale chumbani, kwenye kapu. Fundi kalamu hatembei na kalamu moja, na bibi alikuwa amenipa mgongo. Nilijiambia mzee amekwisha kufa, na nyembamba kama ile sitaipata tena maishani. Niliyoizamisha kwenye unga ilikuwa nyingine, nyeusi kama hiyo, ya kuiga.

Yake ninayo.